Nakala Moja Haitoshi: Mwongozo wa Kuhifadhi Faili Binafsi kwa Gharama Nafuu katika Nyanda za Juu za Ufipa

Kumbukumbu ambazo kaya nyingi za Mkoa wa Rukwa zilikuwa zikiziweka ndani ya sanduku la bati sasa zimo katika vifaa vya kielektroniki. Picha za harusi na za wazee waliotangulia mbele ya haki, vyeti vya shule vilivyoskaniwa, hatimiliki za kimila za mashamba, stakabadhi za mauzo ya mahindi, hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa na kazi za wanafunzi wa vyuo, zote huishia katika kifaa kimoja kidogo: diski ya nje, ambayo wengi huiita eksteno.

Utaratibu uliozoeleka, iwe Manispaa ya Sumbawanga, Namanyere, Matai au Laela, ni mmoja. Simu janja ikijaa, picha huhamishiwa kwenye diski ya nje, kisha hufutwa katika simu ili kupata nafasi. Tangu wakati huo diski hiyo huwa mahali pekee ambapo picha hizo zipo. Ikianguka, ikiibwa, ikiungua kwa hitilafu ya umeme au ikigoma tu kusomeka, kilichomo hakipatikani tena kokote.

Mwongozo huu unaeleza namna mwananchi anavyoweza kuondokana na hatari hiyo bila kuingia gharama kubwa. Msingi wake ni huu: faili yenye nakala moja tu haijahifadhiwa, hata kama imo ndani ya diski mpya ya bei ghali.

Maana ya nakala rudufu

Nakala rudufu ni nakala ya pili ya faili, iliyowekwa katika kifaa kingine, ambayo inaweza kurejeshwa endapo ya kwanza itapotea. Kwa maana hiyo, kuhamisha faili kutoka kwenye simu kwenda kwenye diski, kisha kuzifuta katika simu, si kutengeneza nakala rudufu. Ni kubadilisha mahali pa kuhifadhia. Vivyo hivyo, kunakili folda moja mara mbili ndani ya diski ile ile hakusaidii, kwa kuwa diski ikiharibika nakala zote mbili hupotea kwa pamoja.

Ipo pia tofauti kati ya nakala rudufu na usawazishaji. Huduma nyingi za wingu, yaani hifadhi iliyo katika kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa njia ya intaneti, husawazisha faili kati ya simu na wingu. Faili ikifutwa katika simu, hufutwa pia katika wingu. Huduma nyingi huiweka faili iliyofutwa katika kapu la taka kwa siku 30 au zaidi kidogo, kisha huiondoa kabisa. Mwananchi anayefuta picha katika simu akiamini kuwa "zimeshapanda wingu" anapaswa kwanza kujiridhisha kuwa huduma anayotumia haifuti pande zote mbili.

Mkulima wa Ufipa anaufahamu msingi huu kwa njia nyingine. Mahindi ya chakula, ya kuuza na ya mbegu hayawekwi pamoja pasipo mpango, na mbegu hutengwa mbali na chakula ili njaa au wadudu wasizimalize zote kwa mara moja. Faili muhimu nazo zinahitaji kutengwa namna hiyo.

Kwa nini diski huharibika

Diski nyingi za nje zinazouzwa kwa bei nafuu ni za kimekanika. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka kwa kasi, aghalabu mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma data kikielea juu yake kwa umbali mdogo mno usioonekana kwa macho. Diski ikianguka wakati inafanya kazi, kichwa hicho kinaweza kuikwaruza sahani na kuharibu data. Hata isipoanguka, vipuri vyake huchakaa kadiri miaka inavyopita.

Flashi, memori kadi na diski za kielektroniki zisizo na sehemu zinazozunguka hazisumbuliwi na mtikisiko kwa kiwango hicho. Hata hivyo, huhifadhi data kwa njia ya chaji ya umeme, na chaji hiyo huweza kufifia taratibu endapo kifaa kitakaa miaka mingi bila kuunganishwa na umeme. Flashi iliyosahauliwa kabatini haifai kuwa hifadhi ya kudumu.

Mazingira ya Rukwa huongeza hatari hizo. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mvua za msimu hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili zikiambatana na radi, na kiangazi huleta vumbi jingi. Wakazi wa bonde la Ziwa Rukwa na wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, maeneo yaliyo chini zaidi ya nyanda hizo, hukabiliana na joto kali na unyevunyevu. Diski iliyotoka kwenye baridi ya asubuhi ya mwezi Juni na kuingizwa katika chumba chenye joto iachwe kwa muda kabla ya kuwashwa, ili unyevu uliojikusanya juu yake ukauke.

Umeme nao unahitaji tahadhari. Kwa miaka mingi Sumbawanga imepata umeme kutoka nchi jirani ya Zambia kupitia Mbala, na mradi wa njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ulibuniwa kuuunganisha mkoa na Gridi ya Taifa. Popote umeme utokako, kukatika na kurejea kwa ghafla wakati faili zinanakiliwa kunaweza kuharibu faili na diski yenyewe. Kompyuta mpakato yenye betri nzuri ni salama zaidi kwa kazi hii kuliko kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha akiba ya umeme. Wakati wa radi, vifaa vyote vichomolewe kwenye soketi.

Hatua ya kwanza: kuchambua

Gharama ya kuhifadhi hutegemea ukubwa wa data. Njia ya kwanza ya kupunguza gharama ni kutambua kipi hakiwezi kupatikana tena. Faili zinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni faili zisizo na mbadala: picha na sauti za familia, nyaraka za ardhi, vyeti, mikataba, hesabu za kikundi, tasnifu na maandishi binafsi. Hizi zinastahili nakala tatu.

Kundi la pili ni faili zinazoweza kutengenezwa upya kwa jasho, kama vile maandalio ya masomo ya mwalimu au orodha za bidhaa za mfanyabiashara. Nakala mbili zinatosha.

Kundi la tatu ni filamu, nyimbo na programu zilizopakuliwa. Hizi zinapatikana tena kwingineko, na mara nyingi ndizo zinazojaza sehemu kubwa ya diski. Hazihitaji kulipiwa hifadhi.

Baada ya mchujo huo, watu wengi hukuta kuwa diski ya terabaiti 1 ina gigabaiti chache tu zenye thamani ya kweli. Picha moja ya simu janja yenye ukubwa wa megabaiti 4 inamaanisha kuwa gigabaiti 15 hutosha picha 3,750. Ukurasa wa hati ulioskaniwa vizuri huwa chini ya megabaiti 1, hivyo nyaraka zote za kaya huingia katika nafasi ndogo sana.

Faili zipewe majina yanayoeleweka na kupangwa kwa mwaka. Jina kama "2019-07 Hatimiliki shamba" litaeleweka na mtoto au mjukuu atakayelifungua baada ya miaka 20, tofauti na mlolongo wa tarakimu uliotolewa na simu.

Kanuni ya tatu, mbili, moja

Kanuni inayotumiwa duniani kote katika uhifadhi wa data ni ya tatu, mbili, moja. Ilienezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, katika miaka ya 2000, na baadaye ikapokewa na taasisi nyingi za usalama wa mtandao. Inataka kuwepo nakala tatu za kila faili muhimu, katika aina mbili tofauti za vifaa, na nakala moja iwe mahali pengine mbali na nyumbani au ofisini.

Kwa mfano, mwalimu anayeishi Matai anaweza kuwa na nakala ya kwanza katika kompyuta mpakato, ya pili katika diski ya nje iliyofungiwa kabatini, na ya tatu katika wingu. Asiye na intaneti ya uhakika anaweza kuiweka nakala ya tatu katika flashi au diski iliyoko kwa ndugu anayeaminika huko Mpanda au Mbeya, na kuibadilisha kila wanapotembeleana. Moto, mafuriko au wizi ukitokea mahali pamoja hautagusa nakala iliyo mahali pengine.

Nakala moja walau isibaki imeunganishwa na kompyuta muda wote. Mwezi Mei 2017, programu hasidi iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikafunga faili za watu na taasisi na kudai fidia. Programu za aina hiyo hufunga pia faili zilizomo katika diski iliyochomekwa wakati huo. Diski iliyochomolewa haifikiwi.

Chaguo za gharama nafuu

Diski ya pili ya nje ndiyo njia rahisi kwa mwenye data nyingi. Hulipiwa mara moja, haihitaji bando, na kunakili gigabaiti 100 kupitia mlango wa USB wa kizazi cha tatu huchukua chini ya nusu saa kwa kawaida. Ni vyema diski ya pili isiwe ya toleo moja na siku moja ya ununuzi na ya kwanza, kwani vifaa vya toleo moja huweza kuwa na kasoro ya pamoja. Mwenye kutumia kompyuta za aina tofauti aiandae kwa mfumo wa exFAT, kwa sababu mfumo wa zamani wa FAT32 haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4.

Flashi na memori kadi zinafaa kwa nyaraka chache. Tahadhari kubwa inahitajika wakati wa kununua. Madukani na mtandaoni huuzwa flashi bandia zinazodai kuwa na terabaiti 1 au 2 kwa bei ya chini isiyolingana na ukubwa huo. Kompyuta huonyesha ukubwa uliodaiwa, lakini nafasi halisi ikishajaa, faili zinazofuata hufuta zilizotangulia au huandikwa zikiwa tupu. Programu za bure kama H2testw kwa kompyuta za Windows na F3 kwa Linux na Mac hujaza kifaa kisha kusoma tena kilichoandikwa, na hivyo kufichua udanganyifu. Kifaa kipya kipimwe kabla ya kuwekewa faili yoyote ya thamani, na risiti itunzwe.

Sahani za DVD hubeba gigabaiti 4.7 kila moja na za Blu-ray gigabaiti 25. Faida yake ni kuwa kilichoandikwa hakiwezi kufutwa na kirusi. Hata hivyo, kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kuzisomea, hivyo anayezichagua atunze pia kisomeo chake.

Wingu la bure linatosha kwa kundi la kwanza la faili za kaya nyingi. Akaunti ya Google, ambayo karibu kila mwenye simu ya Android anayo, hutoa gigabaiti 15 zinazogawanywa kati ya barua pepe, faili na picha. Tangu Juni 1, 2021, picha zote mpya huhesabiwa ndani ya nafasi hiyo. OneDrive ya Microsoft na iCloud ya Apple hutoa gigabaiti 5 kila moja. Mwananchi azingatie kuwa akaunti binafsi ya Google isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, kwa mujibu wa utaratibu ulioanza kutekelezwa Desemba 2023. Akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya kutunza picha za familia iingiwe walau mara chache kila mwaka.

Wingu la kulipia la kuhifadhia kumbukumbu kwa muda mrefu huwafaa wenye data nyingi, kama vile wapiga picha na watafiti. Mwishoni mwa mwaka 2023, huduma ya Backblaze B2 ilitoza dola 6 za Marekani kwa terabaiti 1 kwa mwezi, na gigabaiti 10 za kwanza zilikuwa bure. Huduma ya Amazon iitwayo S3 Glacier Deep Archive, iliyoanza mwaka 2019, ilitoza takriban dola 1 kwa terabaiti kwa mwezi.

Bei hiyo ya mwisho inahitaji kusomwa kwa makini. Katika hifadhi ya aina hiyo, faili haifunguki papo hapo. Mteja huiomba, na kwa kawaida huisubiri hadi saa 12. Faili iliyofutwa kabla ya siku 180 hutozwa kana kwamba imetimiza siku hizo. Zaidi ya yote, kupakua data hutozwa: takriban senti 9 za dola kwa kila gigabaiti, baada ya gigabaiti 100 za kwanza za mwezi. Kwa hesabu hiyo, kuhifadhi terabaiti 1 kwa mwaka mzima hugharimu dola 12 hivi, ilhali kuirejesha yote kwa mara moja hugharimu dola 81, mbali na ada ya kuiomba. Hifadhi hiyo inafaa kuwa nakala ya tatu, ya kuguswa pale tu nyingine zote zitakapopotea.

Malipo ya huduma za nje hufanyika kwa kadi ya benki, au kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na baadhi ya huduma za pesa za simu. Kadi ikikosa salio, mtoa huduma hutuma onyo kwa barua pepe, na hatimaye anaweza kuifuta data. Anayelipa kwa mwezi ajiandikie kumbukumbu ya tarehe ya malipo.

Hesabu ya muda na bando

Kabla ya kuanza kupakia faili kwenye wingu, ni vyema kujua muda utakaohitajika. Kasi ya kupakia mara nyingi huwa ndogo kuliko ya kupakua. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde isiyokatika, gigabaiti 20 huchukua saa 9 hivi, gigabaiti 100 huchukua takriban saa 44, na terabaiti 1 huchukua zaidi ya siku 18.

Kutokana na hesabu hiyo, ni busara kuanza na nyaraka, zifuate picha, na video ziwe za mwisho. Kazi igawanywe kwa usiku kadhaa, hasa kwa wanaotumia bando la usiku. Katika simu, mpangilio wa kupakia picha uwekwe kwenye "Wi-Fi pekee" ili usimalize bando la mchana bila mwenyewe kujua. Kwa kompyuta, programu ya bure ya rclone hukagua faili zilizokwisha kupakiwa na kuendelea na zilizobaki endapo umeme au mtandao utakatika katikati ya kazi.

Kutuma picha kwa WhatsApp si njia sahihi ya kuzihifadhi. Zikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na ubora, na haziwezi kurudishwa katika hali yake ya awali. Inapolazimu kutumia njia hiyo, picha itumwe kama hati ili ibaki kama ilivyo.

Usiri na usalama

Wananchi wengi hunakili faili zao katika steshenari na vituo vya intaneti. Flashi inayopita katika kompyuta za watu wengi huambukizwa virusi kwa urahisi, na faili zilizobandikwa kwenye kompyuta ya duka huweza kubaki humo baada ya mteja kuondoka. Mteja ahakikishe nakala yake imefutwa, ikiwemo katika kapu la taka, na kama aliingia kwenye akaunti yake ya barua pepe, aondoke rasmi kwa kubonyeza sehemu ya kutoka.

Nyaraka zenye taarifa nyeti, kama vile namba za kitambulisho, taarifa za afya na za benki, zisimbwe kabla ya kuwekwa katika diski inayosafiri au katika wingu. Kusimba ni kuigeuza faili isisomeke bila nenosiri. Programu za bure za VeraCrypt, Cryptomator na 7-Zip hufanya kazi hiyo. Nenosiri likisahaulika, faili iliyosimbwa haifunguki tena kwa njia yoyote. Liandikwe katika karatasi na kufungiwa mahali salama, na mtu mmoja wa familia anayeaminika afahamu lilipo.

Akaunti ya wingu ilindwe kwa uthibitishaji wa hatua mbili. Kwa kuwa hatua ya pili mara nyingi ni ujumbe unaotumwa kwa simu, laini iliyosajiliwa iwe ya mhusika mwenyewe na iwe hai. Mwananchi anaweza kupiga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya kitambulisho cha Taifa. Ujumbe wa kitapeli, ukiwemo wa wanaojidai watoa huduma na kuomba nenosiri, utumwe kwenda namba 15040.

Wanaotunza taarifa za watu wengine, zikiwemo shule, zahanati, studio za picha, vyama vya ushirika vya msingi na maduka ya huduma za kompyuta, wana wajibu wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Sura ya 44, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa binafsi kujisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda taarifa hizo zisipotee wala kufikiwa na wasiohusika. Sheria hiyo inaweka pia masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Katibu wa kikundi anayetaka kuweka orodha ya wanachama katika wingu lililo nje ya Tanzania azingatie masharti hayo kwanza.

Kuhakiki nakala

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haiwezi kutegemewa. Baada ya kunakili, idadi ya faili na ukubwa wa folda ya asili vilinganishwe na vya folda mpya. Kisha faili kumi zichaguliwe bila mpangilio na zifunguliwe kutoka kwenye nakala, si kutoka kwenye faili za asili. Video ichezwe mwanzo, katikati na mwisho.

Kwa nyaraka za thamani kubwa, zipo programu zinazokokotoa namba ya utambulisho wa faili kwa mfumo wa SHA-256. Faili mbili zinazofanana kabisa hutoa namba moja. Badiliko la herufi moja tu huibadilisha namba nzima.

Faili za asili zisifutwe katika simu au kompyuta mpaka uhakiki ukamilike na nakala mbili nyingine ziwepo.

Diski inapoonyesha dalili za kufa

Dalili za kawaida ni mlio wa kugongagonga, kunakili kunakokwama, folda zinazofunguka kwa kuchelewa, au kompyuta kudai kuwa diski inahitaji kufomatiwa. Ombi la kufomati likataliwe, kwani kukubali huondoa orodha ya faili na kufanya urejeshaji kuwa mgumu.

Diski inayosomeka kwa shida inakiliwe mara moja, ikianza na faili za kundi la kwanza. Diski inayotoa mlio wa kugonga izimwe, kwa sababu kila dakika inayowaka inaweza kuongeza mikwaruzo. Isifunguliwe nyumbani, maana chembe moja ya vumbi inatosha kuiharibu sahani. Urejeshaji wa data katika diski iliyovunjika ndani hufanywa na mafundi wenye vyumba maalumu visivyo na vumbi. Gharama yake huwa kubwa kuliko ya diski mpya, na matokeo hayana uhakika.

Nakala ya kielektroniki na hati halisi

Cheti kilichoskaniwa hakichukui nafasi ya cheti halisi mbele ya ofisi inayotaka hati ya asili. Umuhimu wake huonekana pale hati halisi inapopotea au kuungua. Mwananchi mwenye nakala anazo namba, tarehe na majina kama yalivyoandikwa, na hivyo hufuatilia hati mpya kwa urahisi zaidi: cheti cha kuzaliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), matokeo na vyeti vya mitihani kwa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), kitambulisho kwa Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), na hatimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji na ya wilaya. Hatua ya awali ni kupata taarifa ya upotevu ya Jeshi la Polisi.

Aidha, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, na mahakama huangalia namna kumbukumbu hiyo ilivyotengenezwa na kutunzwa. Faili iliyotunzwa kwa utaratibu na bila kubadilishwa ina uzito zaidi katika mgogoro wa shamba au wa mauzo.

Ratiba inayopendekezwa

Kwa kaya za Nyanda za Juu za Ufipa, ratiba rahisi inaweza kufuata majira. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua na radi kuanza, diski zote ziwashwe, zihakikiwe, na nakala iliyo mbali na nyumbani isasishwe. Baada ya mavuno, katika Julai au Agosti, stakabadhi na hesabu za msimu ziskaniwe na kuingizwa katika nakala zote. Picha mpya za simu zinakiliwe kila mwisho wa mwezi. Diski iliyotumika kwa miaka mitano isiachiwe kubeba nakala pekee ya kitu chochote, na data yake ihamishiwe katika kifaa kipya ingali inasomeka.

Kwa asiye na nakala yoyote hadi leo, hatua ya kuanzia ni ndogo: kuskani au kupiga picha safi hati muhimu za kaya, kuziweka katika folda moja, kuzinakili kwenye flashi iliyopimwa na kwenye wingu la bure, kisha kufungua nakala zote mbili ili kuthibitisha kuwa zinasomeka.